Sura ya Nne: Simba Aliyetundikwa kwa Miiba

Sajini Zephaniah Mwandawiro aliitoa picha iliyopigwa marufuku mkobani mwake, akainama mbele ya ubao wa matangazo wa soko la Voi, akaitundika kwa mkono wake mwenyewe, watu wakimwona.

Konstebo Thadeus alitazama huku na huku.

"Afande, hii si ndiyo picha tuliyoambiwa mtu akionekana nayo akamatwe?"

"Ndiyo."

"Sasa tumkamate nani?"

"Hakuna. Nenda ukasimame pale penye ndizi ujifanye unanunua. Masikio wazi."

"Haya masikio huwa wazi siku zote, afande," akasema Thadeus, na alisema kweli, maana Mungu alimjalia masikio mapana yaliyoishikilia kofia yake isimfunike macho.

Mwaka ulikuwa 1954. Hali ya hatari ilikuwa imeishika nchi, na ingawa vita vilikuwa mbali, huko misituni bara, kila wiki karatasi ya picha za serikali ilikuja kwa treni kutoka Nairobi, na Silvanus, karani wa habari, akaibandika juu kabisa ya ubao kwa pini zake zinazong'aa. Ya wiki iliyopita ilikuwa na simba mkubwa mwenye kofia ya kizungu, amesimama mbele ya zizi la mbuzi akimfukuza fisi. Fisi ameandikwa MAU MAU ubavuni. Simba ameandikwa SERIKALI. Mbuzi walikuwa wananchi, na wote walitabasamu.

Kesho yake, chini ya karatasi hiyo, ilionekana nyingine isiyo na neno hata moja. Ilichorwa kwa kaa juu ya karatasi ya kahawia ya kufungia sukari. Simba yule yule, kofia ile ile, lakini fisi hayupo, tumbo la simba limevimba hadi linagusa nyasi, na zizini amebaki mbuzi mmoja anayelitazama tumbo hilo kama anayetafuta jamaa zake. Soko lilicheka mpaka Silvanus akatoka ofisini kuuliza kuna arusi gani. Baada ya siku chache ikaja picha ya pili, ya treni.

Bwana Inspekta, mzungu mkuu wa kituo cha polisi, aliuliza swali moja tu: katika Voi nzima, nani anajua kuchora? Wakamjibu, Mbuvi, Mkamba yule fundi wa mabango ya maduka. Mbuvi akakamatwa pamoja na makopo yake ya rangi. Alasiri ya leo treni ya mahabusu ingepita ikishuka kambini, na Inspekta alikuwa amekwisha kukata shauri: Mbuvi atapanda, isipokuwa Sajini amletee mchoraji mwingine kabla treni haijaingia.

Ndiyo sababu Sajini alikuwa ameinama sokoni. Alikuwa ameihifadhi miiba ya mgunga iliyoshikilia picha hizo, na sasa aliitia katika matundu yale yale. Alipomaliza mgongo ulikuwa unamuuma. Picha za Silvanus zilikuwa juu, usawa wa uso wa mtu. Hii ya simba ilining'inia chini sana, karibu na magoti yake.

"Kwa nini mtu mrefu kama Mbuvi, anayefanya kazi juu ya ngazi, atundike kitu huku chini?" akamwuliza Silvanus, aliyekuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono.

"Kujificha, Sajini. Mhalifu hujificha."

"Ajifiche kwenye ubao wa soko?"

Silvanus akaanza kupangusa kalamu yake.

"Na hii miiba? Mbuvi ana misumari kopo zima."

"Miiba ni ya kupoteza ushahidi."

"Wewe karani ungefaa sana polisi," akasema Sajini. "Kila mlango kwako una ufunguo. Sasa twende kando, watu wanatuogopa."

Wakajitenga. Haukupita muda, mtu mmoja akasogea, wa pili akafuata, halafu kundi. Kicheko kikaanza kwa pua, kikashuka kifuani, kikalipuka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mable, mama yake Wakio, muuza ndizi kutoka Chawia kule milimani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mlima wa pili. Sajini alimfahamu tangu utotoni, kwa kuwa yeye pia alikuwa mtu wa Chawia.

"Mama Wakio, unacheka nini?"

"Namcheka mbuzi, mwana wa Mwandawiro. Mtazame macho."

"Serikali inasema simba ni mlinzi wa mbuzi."

"Aliyechora hivyo ni mtu wa wapi?"

"Wa Nairobi."

"Ndipo hapo." Mable akajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Baba mkwe wangu alibeba mataruma ya kulazia reli hii hapa, kule Tsavo. Walikuwa wanalala juu ya miti kama kuku, na bado simba akawachukua. Leo uniletee simba mlangoni uniambie ni askari wangu? Kama mmekosa mlinzi wekeni mbwa."

Watu wakaangua kicheko upya.

"Na fisi je?" Sajini akauliza, taratibu, kama mtu asiye na haja. "Fisi mnamtaka?"

Kicheko kikapungua. Mable alimtazama usoni.

"Fisi nani anamtaka? Mtu anayenilisha kiapo usiku simtaki. Lakini fisi namfukuza kwa kijinga cha moto. Simba nimfukuze na nini?"

Wengi walitikisa kichwa kukubali. Sajini aliyaweka maneno hayo moyoni. Alikuwa ametumwa kumtafuta mtu, na hapa alikuwa amepata soko zima.

Akaitundika picha ya pili.

Hii haikuchekesha. Ilikuwa treni ndefu, madirisha yamefungwa wavu, vidole vya watu vimetokeza kwenye matundu ya wavu. Chini, wanawake wamenyoosha vibuyu vya maji kuelekea vile vidole. Pembeni amesimama askari. Askari huyo alikuwa ameinua kidevu, anatazama mawinguni. Mama mmoja akasogea, akaugusa mkono mmoja wa picha kwa ncha ya kidole, halafu akarudi nyuma. Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakageuka wakamtazama Konstebo Thadeus.

Sajini naye akamtazama. Askari wa picha alikuwa na masikio mapana yaliyoshikilia kofia.

"Thadeus."

"Afande."

"Huyu askari anatazama nini juu?"

"Labda ndege, afande."

"Ndege gani?"

"Wa kupita, afande. Sasa ameshapita."

"Na haya masikio?"

"Askari wengi tuna masikio, afande."

Sajini alikohoa ili asicheke. Aliinama tena mbele ya ile treni. Reli ya picha ilikuwa imepinda. Ilianza chini kushoto, ikapanda katikati kama kilima, ikashuka kulia. Reli ya stesheni ya Voi ni nyoofu kama uzi. Akarudi kwa simba. Nyasi zilizokuwa chini ya simba zilipinda vile vile, hata mbuzi akaonekana kama anateleza. Mchoraji huyu alijua kuchora jicho la mbuzi likakuchekesha, basi alishindwaje kuchora ardhi iliyolala?

Akazing'oa picha zote mbili haraka haraka, miiba akaitia mfukoni.

"Twende kituoni, Thadeus. Upesi."

"Umeona kitu, afande?"

"Nimeona ardhi imepinda. Kimbia."

Mbuvi alikuwa amekaa sakafuni korokoroni, magoti kifuani, mikono bado ina madoa ya rangi nyekundu ya bango la mkahawa aliloliacha nusu. Inspekta alisimama mlangoni na kiko chake kinywani.

"Mbuvi," akasema Sajini, "nichoree mbuzi. Hapo ukutani."

Mbuvi akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa uzi na kipande cha chaki, akaupaka uzi ule chaki, akamwomba Thadeus ashike ncha moja. Akauvuta ukakaza, akauachia: pa! Mstari mweupe ukakaa ukutani, umenyooka toka pembe hadi pembe. Ndipo akachora mbuzi kadhaa juu yake, wakatoka wote sura moja, wamepangana kama herufi.

"Kwa nini umeanza na mstari?"

"Bila mstari siwezi, afande. Nikiandika 'Chai Moto' bila mstari, 'Moto' inapanda juu. Mkono wangu umezoea hivyo."

"Bwana Inspekta, umeona," akasema Sajini. "Mtu huyu hawezi kupinda hata akitaka. Picha hizi zimepinda."

"Yeye naficha mkono," akasema Inspekta. "Mtu ya Voi najua kuchora iko moja tu."

Sajini akafungua picha ya simba, akaileta mbele ya Mbuvi. Basi hapo likatokea jambo. Mbuvi aliitupia jicho mara moja, halafu akageuza uso upande, akainamisha kichwa, kama mtu aliyekutana na mkubwa wake mahali pembamba. Hata kuishika karatasi hakukubali.

"Unamjua aliyechora?"

Mbuvi akazidi kuugeukia ukuta.

"Mbuvi, treni inakuja. Nipe jina nikufungulie mlango."

"Siwezi kusema, afande."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi."

"Umetishwa?"

"Hapana. Nimeheshimu tu."

"Nyumbani kwako wanakaa nani?"

"Mke wangu Kalondu. Watoto. Na... upande wa pili kuna mgeni."

"Mgeni ana jina?"

"Analo."

"Nani?"

Mbuvi aliyatazama madoa ya mikono yake. "Muulize mke wangu, afande. Yeye anaruhusiwa."

Sajini alisimama wima. Mtu anayesubiri treni ya mahabusu, jina moja tu litamtoa, naye anasema haruhusiwi kulitaja. Si kwamba anaogopa. Haruhusiwi.

"Bwana Inspekta, nipe nafasi mpaka treni iingie."

"Ikiingia, yeye napanda."

"Sawa, Bwana."

Mtaa wa Wakamba ulikuwa ng'ambo ya reli. Sajini alipita sokoni, akanunua ndizi kwa Mable kwa ajili ya watoto, akavuka mataruma akiruka mawili mawili, Thadeus akimfuata akihema.

Nyumba ya Mbuvi ilikuwa safi, imefagiwa. Kalondu, mke wake, alikuwa anatwanga mahindi, macho yamevimba kwa kulia, lakini alipowaona aliweka mchi, akawapa kigoda, akaingia jikoni. Sajini alitazama ua. Kando ya nyumba kulikuwa na kibanda kidogo kipya, na mlango wake haukuelekea uani. Ulielekea porini. Njia ya kuingilia kibanda hicho ilizunguka nyuma kabisa. Kando ya ukuta palikuwa na gunia la kunde, mdomo wake umefungwa kwa miiba ya mgunga.

Sajini akaushika mwiba mmoja, akaulinganisha na wa mfukoni. Hakusema neno.

Kalondu akarudi na uji ndani ya vibuyu. "Karibuni. Najua nyinyi ndio mmemfunga mume wangu, lakini jua ni kali, na mgeni ni mgeni."

Sajini alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akanywa, na akiwa anakishusha macho yake yakaganda. Kibuyu kilikuwa kimechomwa picha kwa waya wa moto. Mbuzi. Tembo ndani ya shamba la mahindi. Mwanamke anapiga debe. Na chini ya miguu yao wote, mstari wa ardhi. Akakizungusha kibuyu. Mstari ukazunguka nacho, ukarudi ulipoanza, na kila mnyama akasimama sawasawa, hakuna anayeteleza.

"Thadeus! Tazama hapa. Mkono uliozoea kuchora juu ya mviringo, ukiupa karatasi ya bapa, ardhi inapinda. Haujui kuchora vingine." Akamgeukia Kalondu. "Mama, nani amechoma hiki?"

"Mama yangu. Nthambi. Alikuja kutoka Rukanga, kule Kasigau, tembo walipomaliza mahindi yake. Ni yeye aliye na kibanda kile."

"Na mume wako hawezi kumtaja."

Kalondu alishangaa. "Atamtajaje? Ni mama mkwe wake. Sisi tunaita nthoni. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hakai naye nyumba moja, jina lake halitoki kinywani. Akimwona njiani anaingia vichakani mpaka apite. Ndiyo maana ya mlango ule. Mume wangu alikijenga kibanda mwenyewe, usiku kucha ili mama asilale nje, na hawajawahi kuonana tangu aje."

"Hata kama kumtaja kungemwokoa?"

"Afadhali treni," akasema Kalondu, na hapo hapo mkono ukamwenda kinywani, maana alikuwa ameanza kuelewa. "Picha gani hizo mlizomfungia mume wangu? Mimi hakuna aliyenionyesha."

Sajini alizikunjua. Kalondu hakuhitaji kutazama mara mbili. Akakaa chini palepale kwenye pumba.

Nthambi alikuwa nyuma ya kibanda, bibi mdogo mkavu, mgongo umeinama kiasi kwamba akisimama mikono yake hufika magotini. Waya ulikuwa ndani ya makaa. Kibuyu kipya kilikuwa juu ya goti lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa polisi. Umekuja kununua kibuyu?"

"Nimekuja na swali. Picha za sokoni ni zako?"

"Ni zangu," akasema bila kusita. "Nilipoenda kuuza maziwa nikakuta hazipo. Nikadhani ni upepo."

Konstebo Thadeus akashusha pumzi kwa sauti.

"Kwa nini ulizitundika, mama?"

"Niliona serikali imetundika neno lake. Kusoma sijui, lakini simba ninamjua, mbuzi ninawajua. Kwetu, mtu akisema neno lake mbele za watu, anangojea kujibiwa. Ndiyo baraza. Nikaona hakuna anayejibu. Nikasema labda wanaona haya, nikajibu mimi. Ya treni je? Ile sikujibu mtu. Ile niliona kwa macho, nikaona ni jambo zuri, watu walijue." Akamtazama Thadeus kwa upole. "Huyu hapa ni mtoto mwema. Alitazama juu mpaka vibuyu vikaisha maji."

Thadeus alitazama juu tena.

"Mama," akasema Sajini, akachuchumaa ili macho yao yawe sawa, "baraza lile ni la mtu mmoja. Wengine ni kusikiliza tu. Sasa kuna mtu amefungwa kwa ajili ya picha zako."

"Nani?"

"Baba ya wajukuu wako. Anajua ni mkono wako. Hakusema."

Bibi aliutoa waya motoni, akauweka kando taratibu, usije ukamchoma kuku. "Kalondu aliniambia ameenda kazi Mombasa," akasema. Kisha akajifunga shuka. "Twende."

"Mama, fikiri kwanza. Ni treni ile ya wavu."

"Mwanangu, sijawahi kupanda treni yoyote."

"Na kule kituoni yeye yumo. Mlango ni mmoja."

Hapo ndipo Nthambi alipoogopa. Sajini aliona vidole vikitafuta ncha ya shuka. Treni hakuiogopa, wala Inspekta, lakini hilo lilimsimamisha. Mwishowe akaingia kibandani, akatoka na kaniki kubwa, akajifunika toka utosini mpaka kiunoni.

"Nishike mkono uniongoze," akamwambia Thadeus. "Nisije nikaona."

Walipoingia kituoni, filimbi ya treni ilikuwa inasikika mbali upande wa Tsavo. Mbuvi alikuwa ametolewa korokoroni, amesimama katikati ya chumba na pingu mikononi. Nthambi alikohoa mlangoni. Kukohoa tu. Mbuvi akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akajitupa kwenye pembe, akabandika uso ukutani. Inspekta akashika bastola.

"Hatoroki, Bwana!" Sajini alikwisha kuingia katikati. "Ni mkwe wake. Hawaruhusiwi kuonana."

Inspekta akatazama mgongo wa Mbuvi, akatazama rundo la kaniki mlangoni. "Hawa iko na ugomvi?"

"Hapana, Bwana. Ni heshima. Hii ndiyo sababu alikaa kimya. Mchoraji ni huyu mama."

"Wewe nafanya mimi mjinga? Mwanamke mzee?"

Sajini alimkalisha Nthambi kwenye kizingiti, mgongo kwa mkwewe, akampa kaa na karatasi ya sukari. "Mama, chora chochote."

Bibi aliifunua kaniki kidogo upande wa Inspekta tu. Aliilaza karatasi juu ya goti, ikakunjamana kufuata goti, na kaa likaanza kwenda. Inspekta alisogea, kiko kikazima bila yeye kujua. Ardhi ilitoka kwanza, imepinda kama kilima. Juu yake mtu mmoja amegeukia huku, mwingine amegeukia kule, na katikati yao mwanamume mwenye kiko, macho yamemtoka, hajui aende wapi.

"Hii mimi?" akauliza Inspekta.

"Ni wewe," akasema Nthambi.

"Pua iko kubwa sana."

"Iko kubwa," akakubali bibi.

Thadeus alikwenda nje kwa haraka, mabega yakitikisika.

Filimbi ikalia tena, karibu zaidi. Inspekta akaweka karatasi mezani na uso wake ukarudi kuwa wa kazi. "Basi yeye nakubali. Fungua Mbuvi. Mama napanda treni."

Mbuvi, huko kwenye pembe, aligonga ukuta kwa pingu zake. Ndilo neno pekee alilokuwa nalo.

"Bwana Inspekta," akasema Sajini, na alisema kwa haraka maana mabehewa yalikwisha kuanza kunguruma, "ulinituma nimtafute mchoraji, lakini nimeujua pia moyo wa watu wa Voi. Nimesimama sokoni nikawasikiliza. Fisi wa picha hakuna aliyemtetea, hata mmoja. Walimcheka simba tu. Mchoraji wa Nairobi hajui kwamba hapa simba ni yule aliyekula watu wa reli. Ungewachorea mbwa, wasingecheka. Huyu mama amekufunulia bure jambo ambalo wapelelezi wako wasingelipata mwaka mzima. Ukimpandisha treni mbele ya soko zima, kesho kila mwanamke mwenye kaa jikoni atachora, na hapo hakuna atakayecheka tena. Utapoteza macho yako."

Inspekta aliliendea dirisha. Treni ilikuwa inaingia, breki zikilia. Akauliza bila kugeuka:

"Picha ya pili. Ile ya treni. Iko wapi?"

Sajini aliihisi karatasi ile yenye masikio ya Thadeus ikimkwaruza ndani ya mfuko wa shati.

"Upepo, Bwana."

"Upepo."

"Sokoni kuna upepo mwingi."

Inspekta akapiga kiko dirishani, majivu yakamwagika. "Silvanus natoa simba ya serikali leo. Mama hapana tundika kitu tena. Fungua yule mtu. Mimi sitaki kuona nyinyi."

Sajini akamweleza bibi. Nthambi akafikiri. "Kwa hiyo baraza limefungwa?"

"Limefungwa, mama."

"Basi. Neno langu nimeshasema."

Pingu zikafunguliwa. "Nenda nyumbani," Sajini akamwambia Mbuvi. Mbuvi hakusogea. "Uko huru. Nenda."

"Nipite wapi, afande?" akauliza Mbuvi kwa ukuta.

Kweli, mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, na mlango ulikuwa mmoja. Inspekta alishika kichwa. Thadeus ndiye aliyechukua blanketi la korokoroni, akalinyoosha kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, akalifanya pazia katikati ya chumba, naye akageuza uso wake kando ili asiwe shahidi.

Nthambi akainuka. Kabla hajatoka aliliambia blanketi: "Askari, mwambie baba ya wale watoto, kibanda hakivuji."

"Anasema kibanda hakivuji," akasema Thadeus.

Mbuvi akajibu nyuma ya blanketi: "Mwambie nimefurahi."

Bibi alitoka akatangulia, akavuka reli mbele ya injini iliyosimama ikitoa mvuke, akashika njia ya mtaani. Mbuvi alingoja mpaka Sajini akamwambia amefika mbali, ndipo akatoka mbio. Lakini alipofika kwenye reli, treni ilikuwa imeng'oa nanga. Akasimama upande huu, mama mkwe upande ule, na mabehewa ya wavu yakaanza kupita katikati yao, moja baada ya jingine, vidole vikiwa vimetokeza kwenye matundu. Mbuvi alivitazama vyote vikimpita usoni, akainua mkono wake wenye rangi nyekundu, akauweka hivyo juu mpaka behewa la mwisho.

Reli ilipobaki tupu, njia ya ng'ambo nayo ilikuwa tupu. Mbuvi akaruka mataruma, akaingia mtaani akikimbia, akiliita kwa sauti yake yote jina aliloruhusiwa kulitaja: "Kalondu! Kalondu!"